Mbavu za Kwa Robi

Tangu Wegesa akiwa mdogo, ng'ombe akichunwa kwao Susuni, mbavu za kushoto zilivuka mpaka. Mama yake alizifunga kwa majani ya mgomba, akamtwika, naye akakatiza mashamba ya mahindi hadi kwa shangazi, upande wa Kenya. Shangazi alimpokea kwa uji na vicheko. Siku hizi aliyebaki kule ni dada yake, Robi, aliyeolewa huko.

Asubuhi moja ng'ombe wa kina Wegesa alikutwa amekufa zizini, damu nyeusi ikimtoka puani. Mumewe, Mogesi, alimchuna. Wegesa akamtuma shemeji yake, Mwikwabe, apeleke mbavu kwa pikipiki.

Nyama ikiwa bado mbichi jikoni, afisa mifugo wa kata, Scholastica, akapita. Alipoelezwa habari ya ile damu, aliwaomba wasiguse tena kitu. Huenda ni kimeta, alisema, ugonjwa unaoua mifugo na watu.

"Tutaichemsha sana, binti," Mogesi alisema. "Baba yangu alikula mizoga, akazeeka."

"Alibahatika, baba. Moto wa jikoni usiutegemee kwa kimeta. Na mikono yako imeshagusa, twende hospitali. Kuna mwingine mliyempa?"

Wegesa akachomoa simu yake. "Dada yangu. Ng'ambo."

Simu ya Robi haikupatikana, wala ya Mwikwabe. Scholastica akampigia Nyangwine, afisa mifugo wa upande wa Kenya. Wawili hao hupashana habari kila ugonjwa unapozuka, kwa kuwa mifugo ya nchi zote mbili hunywa maji ya mto mmoja. Wegesa alikaa chini, akingoja.

Mwishowe simu ikaita. Alikuwa Robi, kwa simu ya Nyangwine.

"Wegesa, huyu afisa mliyemtuma amebeba sufuria yangu na nyama ndani. Watoto wamenuna, na sasa wote tunapelekwa hospitali. Umetulisha njaa."

Wegesa alicheka huku akilia. Hakuna aliyekuwa ameonja.

Mkono wa Mogesi ulitoka kidonda cheusi, kikapona kwa dawa. Mzoga na nyama yote vilifukiwa kwenye shimo refu, vikamwagiwa chokaa. Baadaye maafisa wa pande zote mbili wakapanga siku moja ya chanjo.

Siku hiyo Wegesa alishika kamba ya ndama, akatazama ng'ambo ya bonde. Robi alikuwa kule na ng'ombe wake, akiwaita kwa mluzi ule ambao yeye na Wegesa walikuwa wakiupiga wakichunga pamoja utotoni. Wegesa akalamba midomo, akaitikia.