Mahudhurio Kamili

Wasomaji watukufu, kaeni vizuri. Mnayoletewa hapa ni simulizi ya penzi zito, penzi lililotikisa jiji zima, likawakosesha mabingwa usingizi na kuwafanya wakubwa waahirishe vikao. Lilianzia kwenye foleni ya choo.

Ilikuwa siku ya usajili katika ukumbi wa tawi la chuo hapa jijini, watu wamejaa kama punje za mahindi gunzini. Msichana wetu ni fundi wa miwani. Hukata lenzi na kuzichonga kingo mpaka zikae kwenye fremu. Simpendelei hata kidogo, ingawa ni dada yangu. Alivaa gauni la kijivu, viatu vya kijivu, na uso wa rangi hiyohiyo. Tangu tumzike mama, miaka miwili sasa, Dada alikuwa kama mguu uliokaliwa: upo, ni wako, ukiuchoma sindano hausemi kitu. Msibani aliosha vikombe mia mbili. Hakuangusha kikombe wala chozi.

Nyuma yake kwenye foleni alisimama kijana mwenye shati la kijani, limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Alinukia poda. Kazi yake kinyozi. Wote wawili walishika fomu moja, yenye maswali kumi na mawili: *Je, Masomo ya Mtandaoni Yanakufaa?*

"Samahani, dada," alisema Kinyozi. "Swali la nne: unaweza kujisimamia bila kukumbushwa? Umejibu nini?"

"Ndiyo."

"Una bahati. Mimi hata kuamka hukumbushwa na mama, na mama naye hukumbushwa na jogoo wa jirani."

"Basi weka hapana."

"Wataninyima nafasi! Haya, la tano: una mahali patulivu pa kusomea?"

"Unapo?"

"Nina kibanda chenye mashine tatu za kunyolea na redio moja isiyozimika."

"Weka hapana."

"Ama wewe mkatisha tamaa!" Alichungulia fomu yake. "Mbona umeweka ndiyo zote kumi na mbili?"

"Ndicho kisanduku cha kwanza."

Kinyozi alicheka hadi foleni ikashindwa kusogea. Dada alimtazama kama mtu anayetazama mvua akiwa ndani. Lakini alipoombwa namba ya simu, aliitoa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema: "Aliiomba."

Basi masomo yakaanza. Darasa lilikuwa kioo cha kompyuta chenye miraba myeusi thelathini na minane, kila mraba una jina la mwanafunzi na hakuna hata uso mmoja. Kinyozi alisomea biashara, Dada upimaji wa macho, ila somo la mawasiliano walilisoma pamoja. Wakati mhadhiri akifundisha, wao walikuwa kwenye simu.

"Fundi wangu, umeelewa hapo?"

"Ndiyo."

"Amesema nini?"

"Sijui."

"Loo, mpenzi! Na mimi nimemnyoa mzee wa watu nyusi moja kwa ajili ya kumsikiliza huyu bwana."

"Amesemaje huyo mzee?"

"Hajajua bado. Hana miwani. Nimemwelekeza kwenu."

Dada alikaribia kucheka. Nasema alikaribia, tusizidishe chumvi.

Alikuwa akifungua kompyuta, anabonyeza *nipo*, kisha anakwenda kukunja nguo. Duka la miwani likizidiwa na wateja, Kinyozi ndiye aliyembonyezea, maana Dada alimpa neno lake la siri. Wiki ya sita Dada alikuwa na mahudhurio kamili, asilimia mia. Hata kikombe kile cha chai mezani, kama kingehudhuria hivyo, kingepata cheti.

Wiki ya saba mhadhiri alisema, "Leo nasoma jibu lililonigusa. Swali lilikuwa, kwa nini umechagua fani yako?" Akataja jina la Dada. Dada alikuwa anakunja shuka. Akasimama nayo mkononi.

"'Mteja akivaa miwani mara ya kwanza,'" mhadhiri alisoma, "'mimi simtazami yeye. Hugeuka nikatazama mlangoni, nione anachokiona. Siku moja ningependa nami kukiona.'"

Shuka ikaanguka. Dada hakuwa ameandika hata neno moja. Akampigia Kinyozi.

"Ni wewe?"

"Zilikuwa zimebaki dakika ishirini, mpenzi. Ungepata sifuri."

"Nilikuambia lini hayo ya mlangoni?"

"Hujaniambia. Nimekuona. Mara ngapi nimekuja dukani kwenu na macho yangu mazima?"

"Umenisemea ya moyoni mwangu, kwa jina langu, mbele ya watu. Hata mimi sikuyajua!"

"Nilitaka kukusaidia."

"Nilikuwa sipo, Kinyozi. Wewe ukajaza pengo, sasa nani atagundua kwamba sipo?"

Akakata. Akabadilisha neno la siri. Siku tisa simu ililia, hakupokea. Alimwandikia mhadhiri ukweli wote, akapewa sifuri, na nafasi ya kuandika upya. Aliandika siku tatu, anafuta, anaandika. Akapata arobaini na moja.

Siku ya kumi Kinyozi alitokea dukani na shati lake la kijani, safari hii halijapigwa pasi.

"Nimekosa," alisema. "Nipige hata kwa fremu."

Dada aligeuza kompyuta amwonyeshe alama. "Imeniuma."

"Wapi?"

"Sijui ni wapi. Lakini imeuma." Alisema hivyo kama mtu aliyeokota kitu asichokijua jina. "Kesho ndiyo mwisho wa kuhamia masomo ya darasani, kampasi kuu. Nahama."

"Kule? Mwendo wa saa nane kwa basi?"

"Nahitaji mahali ambapo nikikosekana, kiti kitaonekana kitupu."

"Na mimi?"

"Wewe mtandao umekufaa. Umefaulu kwa vichwa viwili, huku unanyoa vya watu."

Kinyozi alifuta vumbi la lenzi juu ya meza kwa kidole. "Miaka mitatu, Fundi."

"Utaningoja?"

"Nitakungoja. Ukirudi nitakuja kwenu na wazee."

"Njoo na kamera imewashwa," alisema Dada, akaweka mkono wake juu ya ule wa Kinyozi, akauacha hapo mpaka mteja alipokohoa.

Jumapili asubuhi mimi na Kinyozi tulimsindikiza kituoni. Alivaa blauzi ya njano. Basi liliondoka kwa wakati, na hakuna mtu aliyelia.

Hapo ndipo nilipoweka nukta, nikamtumia Dada asome. Amepiga simu kutoka bwenini muda huu.

"Hakuna aliyelia?"

"Hakuna."

"Kinyozi ameniambia habari nyingine."

"Kinyozi mwongo, Dada."

"Mdogo wangu. Andika."

Haya. Mimi, niliyewahi kutia chumvi chai ya walimu wote kwa mpigo, nilililia basi mpaka kondakta akasimamisha gari kuuliza kama nimekanyagwa. Kinyozi alinishika bega hadi basi likapotea. Dada aliniona kupitia kioo cha nyuma. Na yeye pia, anasema, ilimuuma.