Kidonge Kilichofanana

Fundi wa nguo na mumewe walifanya kazi katika chumba kimoja chenye dirisha la barabarani. Mume alikata, mke alishona. Wateja walimwita mume Mkasi, maana kitambaa mikononi mwake hakikwenda upande hata uzi mmoja. Mkasi alikuwa na ugonjwa wa presha. Kila asubuhi alimeza kidonge chake, ndipo akawasha redio.

Walipopanga safari ya kununua vitambaa nchi jirani, mke ndiye aliyefungasha. Alivitoa vidonge vyote kwenye maganda yake, akavitia katika kopo la vifungo.

"Maboksi ya nini?" alisema. "Tunabeba dawa au makaratasi?"

"Usije ukanimezesha kifungo," Mkasi akamtania.

"Ukikimeza nitakushonea tundu lake."

Huko ugenini mzigo wao ulikwama forodhani. Siku ziliongezeka, vidonge havikuongezeka. Kilipobaki kimoja, mke alikichukua akaingia nacho mtaani. Ndivyo alivyozoea kutafuta kifungo kilichopotea: unaonyesha kilichobaki, unatafutiwa mwenzake.

Mtu aliyepanga dawa juu ya meza, juani, alikigeuzageuza kiganjani.

"Hiki hapa, mama. Pacha wake."

Mke alivilinganisha kwa jicho la fundi. Weupe ule ule. Mviringo ule ule. Mstari katikati. Akanunua.

Mkasi alivimeza bila kuuliza. Kichwa kilipoanza kumgonga alisema, "Joto tu hili." Asubuhi moja, akiwa anafunga kamba za viatu, mkono wa kulia ulilegea. Mdomo ukaenda upande. Alitaka kumwita mkewe. Ikatoka sauti isiyo na neno.

Hospitalini, mke aliketi kwenye benchi, kopo mapajani. Mfamasia alitoka na kuketi kando yake.

"Dada, mgonjwa wako anatumia dawa gani?"

"Ya presha."

"Inaitwaje?"

"Ni ile... nyeupe."

"Nyeupe zimejaa kabati zima, dada yangu."

Mke akamfungulia kopo, akamweleza alikovinunua. Mfamasia alivitazama vidonge, akatikisa kichwa.

"Sijui hivi ni nini. Nimesomea dawa, na kwa macho tu sijui. Ninachojua ni kwamba presha haikushuka. Damu imeganda ikaziba mshipa wa ubongo. Ni kiharusi."

"Mbona yule wa mezani alijua?"

"Hakujua. Aliuza."

Mfamasia akaendelea polepole.

"Dawa ina majina mawili. Moja ni la kampuni. Hilo laweza kubadilika ukivuka mpaka. La pili ni jina la dawa yenyewe. Huandikwa kwenye boksi, mara nyingi kwa herufi ndogo. Ukiwa na boksi, au cheti cha daktari chenye jina hilo, duka la dawa lenye leseni litakusaidia. Na dawa ya presha haikatizwi hivi hivi."

"Boksi liko nyumbani," mke alisema. "Nililiona halina kazi." Kisha akauliza, "Mkono utarudi? Yeye ni mkata nguo."

"Mazoezi yatasaidia kiasi. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

Mkono haukurudi.

Safari iliyofuata walikwenda tena wawili, kwa kuwa Mkasi hakuweza kuachwa peke yake. Dawa zilikaa ndani ya maboksi yake, kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye mzigo, pamoja na za akiba na cheti cha daktari. Mzigo ulikwama tena, akiba nayo ikaisha. Mke alikwenda kwenye duka lenye leseni ukutani. Muuzaji alisoma cheti, akampa vidonge vya njano.

Mke hakuvipokea. "Vyetu vyeupe," alisema.

"Kampuni nyingine, mama. Linganisha jina."

Akalinganisha jina kwa jina, kipimo kwa kipimo. Akatazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Vilikuwa sahihi. Mkasi alipopimwa, presha ilikuwa imetulia.

Waliporudi nyumbani, mke alitandaza kitambaa mezani, akashika mkasi mkubwa, akakata. Kitambaa kikaenda upande. Mteja wa kwanza alichungulia dirishani, akaita kwa furaha:

"Mkasi! Umerudi?"

Mume aliinua mkono wa kushoto, akamsalimu.