Namba 214

“Ferdie, namba 214 ni nani?”

Mume wangu aliacha kijiko cha supu hewani.

“Namba gani tena?”

“Usinizungushe! Barua zako nimezifungua mwenyewe. Tatu!”

Mwaka ule wa 1949, hapa New York, kazi yangu ilikuwa kufungua barua za wateja. Wanaume walichagua picha za warembo kwenye orodha ya bosi wangu, Bwana Zelnick, wakaandika namba, nasi tukawatumia kwa posta. Ferdie alitumia jina la uongo, lakini mwandiko ule ndio ulionitongoza mimi. Kila mara aliagiza 214, nakala zote zilizopo. Nilikimbilia droo ya picha za 214 nimwone huyo mwanamke. Tupu!

“Ana nini nisicho nacho? Mimi nanuka maziwa ya mtoto, sivyo?”

“Nettie, utamwamsha mtoto.”

“Aamke amjue baba yake!”

Ferdie akavuta boksi uvunguni. Picha zote zilikuwa moja: mwanamke kitini, uso nyuma ya mwavuli, miguu mirefu ndani ya soksi nyepesi. Nilitamani kumnyonyoa nywele. Kisha nikaona kovu chini ya goti.

Kovu langu la baiskeli.

Nikakumbuka. Siku moja mrembo alichelewa, Zelnick akaniomba nivae soksi zile, nishike mwavuli, nikae kitini ili apime mwanga wa taa. Aliniapia kamera haina filamu!

“Niliiona picha hii imeanikwa kwenu kazini siku nilipokuletea mkate,” Ferdie alisema. “Ningekubalije mwanamume mwingine amweke mke wangu chini ya mto wake?”

“Mbona hukuniuliza?”

“Niliogopa ungesema ulikubali.”

Nikacheka huku nalia.

“Mjinga wangu we! Kila ukizimaliza, anaona zinauzika, anachapa nyingine!”

Asubuhi tulimvamia Zelnick, mtoto kwenye kigari.

“Nataka filamu ya 214.”

“Hiyo? Nettie, hiyo ndiyo inayoongoza! Wanaume wamepagawa!”

“Mwanamume ni mmoja. Huyu hapa.”

Ferdie akawa mwekundu kama nyanya. Zelnick alimtazama, akatazama goti langu, akafungua kabati, akaitoa. Nikaikata filamu vipande vipande kwa mkasi wangu wa barua.

Njiani Ferdie akaninong’oneza:

“Zile za boksini nichome zote?”

“Zote.”

“Hata moja isibaki? Mchana kutwa uko kazini, nami nabaki bila mke.”

Nikasukuma kigari nikitabasamu.

“Moja. Lakini ukiniagiza tena, andika jina lako la kweli.”