Kazi ya Tano ya Mwandawiro

Mwandawiro wa mtaa wa Sofia, mjini Voi, alikosa mengi. Alikosa ngozi ngumu. Alikosa maneno ya kumjibu mtu anayemfokea. Alikosa hamu ya kula redio ikiwa inaongea, na alikosa usingizi kama mchana mtu alimtazama vibaya. Kwa miaka minne alikosa kazi ya kudumu. Akili hakukosa. Bidii hakukosa. Mke pia hakukosa, na mke huyo, Wakesho, alikuwa amechoka naye.

Wakesho alishona sare za shule barazani. Akiwa kwenye cherehani aliliona geti la ploti. Geti likifunguka saa nne asubuhi, alijua: mumewe ameacha kazi tena.

Kazi ya mkahawa aliiacha kwa sababu ya sahani kugongana. Kazi ya kukata tiketi za basi aliiacha kwa sababu ya honi. Kwenye kinu cha unga alikaa siku tatu tu. Na namna yake ya kuacha ilikuwa moja. Anavua aproni, anaitundika msumarini, anakuja nyumbani. Haagi. Haelezi. Mwajiri akipiga simu, simu imezimwa.

Kazi ya nne ilikuwa katika hadiwea ya Bwana Kituku, duka la vifaa vya ujenzi karibu na steji. Hapo alidumu mwaka mzima, na Wakesho akaanza kupumua. Kituku alimpenda. Mwandawiro aliujua mfereji mbovu kwa kuushika tu. Misumari ikichanganyika, aliona kabla ya mteja.

Kisha Kituku akanunua spika. Akaiweka mlangoni, ikatangaza bei za mabati kutoka asubuhi hadi jioni. Mwandawiro akawa anarudi nyumbani kama mtu aliyepigwa. Alijifunika leso kichwani na kujifungia chumbani. Binti yao, Shanice, akajifunza kutembea kwa ncha za vidole.

"Baba Shanice, ni spika," Wakesho alimwambia. "Haina mikono. Haiwezi kukupiga."

"Inanipiga," alijibu kutoka chini ya leso.

Habari zikafika Chawia, kwa mjomba wake Sylus. Mjomba alisema kijana ana kitu, na kitu hicho lazima kiombewe kwa nguvu. Jumamosi wakapanda mlima hadi kwake. Mjomba alikuwa amekodisha kinanda na spika mbili kubwa, ili maombi yasiwe dhaifu. Waombaji sita walimshika Mwandawiro mabega na kupaza sauti masikioni mwake kwa saa tatu. Mwishowe alikimbia nyuma ya zizi la mbuzi akatapika.

"Mmeona?" Mjomba Sylus aliwaambia watu. "Kimetoka."

Kilichotoka kilikuwa kimanga alichokula mchana. Wakesho aliona kwa macho yake. Akamkasirikia mjomba, akamkasirikia mumewe, kisha akajikasirikia mwenyewe, kwa maana ndiye aliyekubali safari ile.

Jumatatu, saa nne asubuhi, geti likafunguka.

Wakesho alisimamisha cherehani. Mumewe aliingia akiwa bado na aproni.

"Umeacha?"

"Bado. Nimemwambia Kituku naenda choo."

"Choo cha kutoka steji mpaka Sofia?"

Jirani yao, Everlyne, alikuwa anaanika nguo. Everlyne ni mshauri nasaha katika zahanati moja, na siku hiyo alikuwa hana zamu. Aliweka beseni chini.

"Baba Shanice," alisema, "nyumba ya mwisho kule wanapaka rangi. Unasikia harufu?"

"Tangu alfajiri. Kichwa kinaniuma."

"Mimi sisikii chochote. Wewe je, Mama Shanice?"

Wakesho alinusa. Hakusikia kitu ila sabuni ya Everlyne.

Basi Everlyne akawaeleza. Alisema wako watu waliozaliwa hivyo, wake kwa waume, na si wachache. Sauti, harufu, mwanga na hata hasira za wenzao huwaingia kwa wingi kuliko wengine. Kwa hiyo huchoka mapema. Hali hiyo si ugonjwa, si pepo, wala si uvivu. Ila mtu akikosa usingizi wiki nyingi, au akiona maisha hayana maana, huyo aende kwa mhudumu wa afya asichelewe.

Mwandawiro alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa jina lake. Everlyne hakumwacha afurahi sana.

"Lakini kutoroka kazi ni jambo lingine. Hiyo ni tabia, na ni mbaya. Umeacha kazi tatu, na hakuna bosi hata mmoja anayejua kwa nini. Rudi sasa hivi kabla Kituku hajakutafuta chooni."

Kabla Mwandawiro hajaondoka, Everlyne alimwagiza mambo. Amwombe Kituku abadilishe kinachoweza kubadilishwa. Kwa wiki mbili aandike kila jioni kilichomchosha na kisichomchosha. Kazi nyingine aitafute akiwa bado na hii, na aijaribu kwanza. Siku ya kuondoka, aage kwa barua.

Kituku aliposikia ombi alikunja uso. Spika ilikuwa inamletea wateja, na haizimwi kwa ajili ya mtu mmoja. Hata hivyo, alimpa Mwandawiro kazi ya stoo ya nyuma kila asubuhi. Mchana alirudi kaunta, akateseka nusu badala ya mzima.

Wakesho naye alipewa kazi. Mumewe akirudi, asimuulize lolote kwa nusu saa. Ilimshinda. Siku ya kwanza alikaa dakika nne, akauliza kama alikumbuka kununua uzi. Siku ya pili alitoka nje akaongea na kuku. Kufikia mwisho wa wiki aliweza, na jambo la ajabu likatokea. Nusu saa ikiisha, mumewe alitoka chumbani mwenyewe, akamwita Shanice, wakala pamoja.

Wiki mbili zilipotimia, walisoma daftari. Kilichomchosha: spika, kufokewa, kufanya mambo matatu kwa mpigo. Kisichomchosha: kupanga skrubu, kuona kasoro, kuhudumia mteja mmoja mmoja.

"Nani atakulipa kwa kupanga skrubu?" Wakesho aliuliza.

Hata Everlyne hakujua, lakini alimjua Teresia wa Mwatate. Mama huyo hununua mawe ya thamani ya kijani kutoka kwa wachimbaji wadogo wa upande wa Kasigau, kisha huyapanga kwa rangi na ubora. Mwandawiro alienda huko kila Jumatano, siku yake ya mapumziko. Chumba kilikuwa kimya. Siku ya kwanza Teresia alimmwagia mawe kwenye kitambaa cheupe. Mwandawiro akayatenga mafungu matano, na jiwe moja akaliweka kando peke yake. Ndani yake mlikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Waliokutangulia waliniambia yote ni ya kijani," Teresia alisema.

Baada ya Jumatano ya nane alimwambia ana nafasi. Sasa Wakesho ndiye aliyekosa subira. Alitaka aondoke kwa Kituku kesho yake. Mwandawiro akakataa. Alisubiri mpaka Teresia alipoweka saini mkataba wa kazi, akausoma mara mbili, ndipo akachukua karatasi.

Barua ya kwanza Wakesho aliirudisha. "Umeomba msamaha mara nne. Umemwibia?"

Ya pili ilikuwa hivi:

*Bwana Kituku, nakuarifu kwamba nitaacha kazi mwezi mmoja tangu upokee barua hii. Nimepata kazi tulivu inayonifaa zaidi. Nitamfundisha atakayenirithi. Nashukuru kwa kunisikiliza na kunipa stoo. Wako, Mwandawiro.*

Kituku alikuwa Mtito Andei wiki hiyo, akifungua duka la pili. Mwandawiro alimpigia simu kumwambia barua inakuja. Alisema yote bila kukata.

"Vijana tisa wameniacha tangu nifungue duka la Voi," Kituku alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniaga. Itume. Na mimi nitakuandikia ya kukusifu."

Mwandawiro aliikunja barua, akaitia katika bahasha, akalamba gundi na kuibana kwa kidole gumba. Yeye na Wakesho wakamkabidhi karani wa vifurushi vya basi. Karani akaandika jina la Kituku, akawapa risiti, akaitupa bahasha katika mfuko wa Mtito Andei.