Mabati ya Kisasi

Kila alasiri alipotoka shule, Kiberiti alitua mkoba, akalowesha kitambaa na kumpangusa mdogo wake shingo na mgongo. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya hasira zake: ukimgusa kidogo, amewaka. Mtoto alikuwa amejaa vipele vya joto, na daktari alisema wazi kwamba asipokaa penye ubaridi vitageuka vidonda.

Ubaridi utoke wapi? Dirisha lao lilitazamana na saluni ya kinyozi, ng'ambo ya kichochoro chembamba. Kinyozi alikuwa amepaka ukuta wake rangi nyeusi ili upendeze, kisha akafunga kiyoyozi. Wateja walipoa ndani, huku mgongo wa mashine ukitema joto dirishani kwa kina Kiberiti.

Alikwenda kumwomba. "Shikamoo, mjomba. Tafadhali igeuze mashine yako. Mtoto wetu anaungua."

"Marahaba. Niigeuzie wapi, mfukoni? Mkiona joto, hameni."

Wateja wakacheka. Kicheko kile kilimkaa Kiberiti kooni kama mwiba wa samaki.

Baba yake, fundi wa ndoo na masanduku, alimpa vipande vya bati jipya akidhani ni vya mchezo. Kiberiti akavifunga chini ya dirisha na kuviinamisha mpaka jua la alasiri likaruka ng'ambo, likapiga ukuta na mlango wa kioo wa saluni. Wateja walikunja macho. Mmoja alitoka na ndevu za upande mmoja.

"Hama wewe sasa," Kiberiti alinong'ona nyuma ya pazia.

Kinyozi hakuhama. Alikipandisha kiyoyozi hadi mwisho, kikanguruma tangu asubuhi mpaka saa ya kufunga. Vipele vya mtoto vikaanza kupasuka. Kiberiti, kwa hasira, akaongeza mabati.

Jioni moja alikuja shangazi yake, mwalimu wa sayansi. Aliyatazama mabati. Alimshika Kiberiti mkono, wakatoka, akaubandika kwenye ukuta mweusi. Kiberiti akauondoa upesi.

"Jua limeshatua," shangazi alisema. "Moto huu umetoka wapi?"

"Kwa kinyozi."

"Nusu yake ni yako. Mchana unamrushia jua, na rangi nyeusi inalinywa. Usiku ukuta unalitapika, na mbele yake kuna dirisha lenu. Pangekuwa wazi, joto lingepanda angani. Hapa pamebana, kuta zinarushiana. Na kiyoyozi kikizidiwa, kinakula umeme zaidi na kutema zaidi."

Kiberiti alimsikia mdogo wake akilia ndani. "Lakini yeye ndiye aliyeanza."

"Ndiyo, yeye. Ukuta haujui nani kaanza."

Usiku ule Kiberiti aliyafungua mabati kwa mikono yake. Asubuhi yeye na shangazi wakaenda saluni.

"Mjomba, ule mwanga ulikuwa wangu," alisema.

Kinyozi aliweka mkasi chini. "Nilijua. Jana nusura nimkate mteja sikio. Mashine inanguruma kutwa, umeme unaniishia, na bado natoka jasho."

"Ukuta wako mweusi unakuumiza wewe kwanza," shangazi alimwambia, akamweleza yote.

Kinyozi alikuna kichwa. Wiki hiyo alipaka ukuta rangi nyeupe na kuupandisha mgongo wa kiyoyozi juu ya paa. Kisha wakatandaza turubai kati ya majengo mawili: mchana lilikinga jua, jioni lilikunjwa ili kuta zitoe joto angani. Kamba moja ilikuwa kwa kinyozi, nyingine kwa Kiberiti. Mmoja asipovuta, halikunjiki.

"Vuta, Kiberiti, usisinzie," kinyozi alitania.

Kiberiti alivuta, hakucheka. Alikuwa bado hajakisahau kicheko kile. Lakini vidonda vya mtoto vilikuwa vimekauka.

"Si lazima umpende," shangazi alimwambia. "Akikukosea, mwambie, mshitaki, mletee ushahidi. Ila usimwashie moto mtu mnayetazamana naye dirishani. Joto halina adui, mwanangu. Litarudi kulala kwako."