Kijicherehani

Fundi Cheche alikuwa mchomeleaji hodari wa mageti, lakini mdomo wake haukuwa na breki. Kila kitu cha mkewe alikibandika "kiji". Cherehani ilikuwa kijicherehani. Kazi ilikuwa kijikazi. Wateja waliokuja uani walicheka, na mkewe, Mama Pacha, alicheka nao. Ukichekwa nyumbani kwako, utakimbilia wapi?

Asubuhi moja Mama Pacha alikuwa akipiga pasi kola ya shati. Mumewe alikuwa akinywa chai. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani akabisha hodi.

"Mama Pacha, shati ulilomshonea mwanangu halijafumuka hata uzi," alisema. "Shule inatafuta mshonaji wa sare za watoto wote. Nimeanza na wewe."

Fundi Cheche alifurahi sana moyoni. Alisubiri mkewe akubali.

Mama Pacha aliweka pasi chini. "Asante, mwalimu, ila umekosea mlango. Mimi nina kijicherehani tu. Hiki ni kijikazi cha kupotezea muda."

"Lakini lile shati..."

"Lilikuwa bahati tu. Tafuta fundi wa kweli."

Mwalimu alibembeleza mpaka akachoka, akaaga.

Chai ilimpalia Fundi Cheche. "Una wazimu? Kazi imekufuata mpaka mlangoni, unaifukuza!"

"Nimesema uongo gani? Si maneno yako hayo?"

"Nilikuwa nakutania!"

"Miaka yote hii?" Mama Pacha alifunika cherehani kwa shuka, akaingia ndani.

Jirani yao, muuguzi wa zahanati, alikuwa akianika nguo uani. Alikuwa amesikia yote.

"Shemeji, huo si utani," alisema. "Umemdunisha mwenzako."

"Kumdunisha ndiyo nini? Sijamtukana, sijampiga."

"Kudunisha ni kumshusha mtu thamani, yeye au kazi yake. Si lazima utukane. Hiyo 'kiji' yako inatosha. Mtu akiambiwa kila siku kwamba ni duni, mwishowe anaamini."

"Mbona alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka ili asilie. Wewe nikiyaita mageti yako vijigeti mbele ya wateja, utacheka?"

Swali hilo lilimuuma Fundi Cheche. Mageti yale yalikuwa jasho lake.

"Sasa nifanyeje?"

"Liache hilo neno. Kazi yake iite kazi. Na umwombe radhi mbele ya watu, maana ulimdunisha mbele ya watu."

Wateja walipofika uani, alimwita mkewe akamwomba radhi, wote wakisikia. "Nimesikia," Mama Pacha alijibu. Hakusema amesamehe. Fundi Cheche alikwenda mbio shuleni, lakini kazi ya sare ilikuwa imekwisha kupewa mshonaji mwingine.

Miezi ikapita bila "kiji" hata moja. Siku moja muuguzi alikuja.

"Dada, zahanati inataka mapazia mapya. Utaweza?"

Mama Pacha alimtazama mumewe mdomoni, akisubiri.

"Muulize fundi mwenyewe," Fundi Cheche alisema. "Mimi ni wa mageti."

Mama Pacha alichukua futi yake ya kupimia. "Twende nikapime madirisha. Ila kijicherehani changu..." Alijisahihisha. "Cherehani yangu inataka mafuta kwanza."

Fundi Cheche aliinuka kwenda kuleta mafuta. Mkewe alikuwa amepata kazi, naye alishukuru. Lakini lile neno alilitengeneza yeye, na kulisikia bado limo kinywani mwa mkewe kulimchoma.