Minyoo Waliokikimbia Kiazi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ngunan alimsaidia mama yake kupanga vikapu vya mbegu za viazi vikuu. Jumatano hiyo alichomoa kipande kimoja kikapuni, akakipangusa, akakitia mfukoni na kukimbilia darasa la sayansi.

Mwalimu Ukange alikwisha kuwafundisha. Mnyoo mdogo wa udongoni hana macho wala pua, ila kichwani ana vijinywele vidogo mno, havionekani hata kwa lenzi ya shule. Vijinywele hivyo ndivyo vinavyoonja kemikali. Vikiguswa na harufu ya chakula, mnyoo huifuata. Vikiguswa na kitu kibaya, hugeuka na kwenda zake.

Kundi la Ngunan liliweka minyoo katikati ya kisahani, kiazi upande mmoja, tone la maji upande wa pili. Baada ya saa moja Ngunan akainamia lenzi. Lo! Minyoo wote walikuwa wamejazana kwenye maji.

"Andika wamekwenda kwenye kiazi," alisema Orseer, kiongozi wa kundi. "Wakaguzi wanakuja kesho kuchagua kazi. Unataka tutolewe kwenye maonyesho ya sayansi?"

"Siandiki."

"We Ngunan, umeingiwa na nini? Nani atahesabu minyoo?"

"Nimeshahesabu mimi. Kwenye maji thelathini na mmoja. Kwenye kiazi hakuna hata mmoja."

Mwalimu Ukange alisogea, akalisoma daftari na kukunja uso. "Kitabu kinasema wanafuata kiazi. Futa hiyo."

"Samahani, Mwalimu, sifuti. Kitabu hakikuwepo hapa tulipokuwa tunaangalia."

Darasa zima likaguna. Mwalimu akasema kwa ukali, "Basi jina lako halimo kwenye maonyesho mpaka unieleze sababu."

Ngunan alifika nyumbani machozi ya hasira yakimlengalenga. Maonyesho hayo aliyangoja mwaka mzima.

"Mbona umenuna hivyo?" mama yake aliuliza.

Alipomweleza, mama akaangua kicheko. "Kiazi chenyewe ulikitoa wapi? Kwenye kikapu changu cha mbegu? Jamani mtoto huyu! Si nilivipaka majivu ya kuni, visioze na wadudu wasivisogelee?"

Ngunan akashika kichwa. Majivu! Minyoo walikuwa wameyaonja.

Kesho yake aliwahi shuleni akiwa na vipande viwili, kimoja cha majivu, kingine kimemenywa na kuoshwa vizuri. Akaandaa visahani viwili. Wakaguzi walipoingia, minyoo walikuwa wamekizunguka kiazi safi, na kile cha majivu wamekipa mgongo tena.

Mwalimu Ukange aliangalia kwa lenzi mara mbili. Kisha akasimama mbele ya wakaguzi na darasa zima.

"Jana nilimwambia Ngunan afute ukweli, akanikatalia usoni. Nilikosa mimi. Angenitii, tusingejua leo kwamba mnyoo anayakimbia majivu. Watoto, andikeni mlichokiona, hata mwalimu akiwakunjia uso."

Orseer akamnong'oneza, "Umeniaibisha."

"Umejiaibisha mwenyewe," Ngunan akajibu, akamsukumia lenzi na daftari. "Haya, zamu yako. Hesabu, na usiruke hata mmoja."